Nyapara wa Usingizi

Nianze na miguu yake, maana ndiyo niliyoichukia kwanza. Viatu alikuwa navyo, viatu vizuri vya ngozi alivyoachiwa na mgeni mmoja, lakini alivivaa akienda madukani tu. Pale kwenye nyumba ya wageni, karibu na uwanja wa ndege wa Nachingwea, alitembea pekupeku, tena kwa ncha za vidole, mtu mzima mwenye kitambi chake, na shada la funguo amelifunga kitambaa lisije likalia. Unainama zako unaosha sufuria, ukigeuka yuko nyuma yako. Hajakusalimia, hajakuuliza umeamkaje, kidole kiko mdomoni. Maana yake unyamaze.

Tulimwita Nyapara. Manyapara kambini walikuwa wengi, wa kung'oa visiki, wa barabara, wa reli, lakini ukisema Nyapara bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yule wa nyumba ya wageni. Baadaye wakaongeza wenyewe, Nyapara wa Usingizi. Walisema kwa kucheka. Mimi sikucheka.

Alizaliwa wapi na wazee wake ni akina nani sikumuuliza, na sioni kama ingenisaidia. Namjua kwa miaka ile ya karanga, Wazungu walipokuja na mashine kufyeka msitu wetu wote ili wapande karanga mpaka upeo wa macho. Watu walitoka kila upande kutafuta kazi. Mimi nilitoka kwetu Mbekenyera nikiwa nimeolewa karibuni, mume wangu alitoka Lionja, na tukapewa chumba kwenye mstari wa kwanza wa nyumba za wafanyakazi, nyuma kabisa ya jiko la wageni. Mlango wetu ulitazamana na madirisha ya vyumba vyao vya kulala. Wenzetu walituonea wivu kwa sababu bomba la maji lilikuwa karibu. Laiti wangejua.

Mume wangu, baba Zainabu, aliendesha katapila, na zamu yake ilikuwa ya usiku. Jua likizama anaondoka, jua likichomoza anarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Kazi yake ya mchana ilikuwa moja tu, kulala. Hilo ulishike, kwa sababu hasira yangu yote inaanzia hapo.

Kazi yake Nyapara aliijua, siwezi kumnyima hilo. Wageni wa siku zile walisafiri kwa ndege siku baada ya siku, wanashuka huku wanapanda kule, Misri, Sudani, Nairobi, Dar es Salaam, mpaka wakifika kwetu masikio yameziba na miguu haijui ardhi iko wapi. Niliwaona wakishuka. Mmoja alipiga hatua ya kushuka ngazi wakati ngazi imekwisha. Mwingine alicheka peke yake toka kwenye ndege mpaka kwenye gari. Wote walitaka kitu kimoja, kitanda, na Nyapara aliwakatalia.

"Usingizi haupandi ndege," ndivyo alivyokuwa akisema. "Mwili ndio unaopanda ndege. Usingizi unakuja nyuma kwa miguu, lazima mtu aungoje."

Alidai amejifunza hayo vitani. Alikuwa Burma, akihudumia wagonjwa hospitali ya jeshi, na siku moja walipakiwa yeye na majeruhi wake kwenye ndege wakapelekwa mbali sana, na huko alikaa siku nyingi akiona njaa usiku wa manane na usingizi saa ya chakula. Sisi tungembishia nini? Ndege tulizijua matumbo tu, zikipita juu.

Basi mgeni akishuka asubuhi, Nyapara hamwachii. Anamzungusha juani bila kofia. Anamkalisha kwenye kiti kigumu, nje, na chai ya rangi isiyo na sukari. Akianza kusinzia, kifuniko cha sufuria kinaanguka nyuma yake kwa bahati mbaya. Jua likizama ndipo anamwingiza ndani, anamkanda nyayo kwa mafuta ya ufuta, anatundika blanketi madirishani, na mtu analala kama mtoto aliyeshiba. Kesho yake mgeni anatoka anachekacheka, anamshika Nyapara mkono, na Nyapara kutwa nzima kichwa kimemvimba.

Siku moja alimleta mgeni mmoja mnene kwenye kishamba changu cha muhogo ampe kazi ya kung'oa magugu asije akalala. Mgeni wa watu aling'oa magugu na muhogo wangu pamoja, akaupanga vizuri kwenye mstari. Nilipofika nikakuta uwanja mtupu, Mzungu anatoka jasho na Nyapara amesimama kivulini.

"Nyapara, huu ndio muhogo wangu wa mwaka mzima."

"Mama Zainabu, muhogo utaota. Huyu akilala sasa hivi, ataharibika wiki nzima."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nilirudishia vile vijiti ardhini peke yangu, na vingi havikuota.

Lakini walikuwapo wengine ambao hata yeye walimshinda, wale waliotoka mbali kupita kiasi, na hao walilala mchana atake asitake. Hapo sasa ndipo tulipokoma. Mgeni akilala mchana, mchana wetu wote umekwisha. Kutwanga marufuku. Nilipeleka kinu changu ng'ambo ya korongo, mimi na wanawake wote wa mstari wa kwanza, kila mmoja na kinu chake kichwani na mtoto mgongoni. Umewahi kubeba kinu cha mtondoo? Ukishabeba mara moja huna haja ya kuelezwa ninachosema. Watoto wakicheza rede, kidole. Mtu akikohoa, kidole. Majogoo yalikusanywa yote ati yanawika ovyo, na hayakurudi, na harufu ya mchuzi tuliisikia kutoka jikoni kwake. Nakwambia aliyala majogoo ya kambi nzima, moja baada ya jingine.

Alithubutu kwenda hata kwa mwalimu wetu wa madrasa kumwomba adhana ya alfajiri isomwe kwa sauti ya chini. Naye alikuwa Mwislamu, anafunga, anatoa zaka. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia, "Mwambie mgeni wako na yeye aamke asali." Siku ile Nyapara alirudi mkono mtupu.

Na mara ya pili alirudi mkono mtupu siku ya kuwatoa wasichana unyagoni. Ngoma ile inangojwa na ukoo mzima, watu wametoka Kilimarondo kwa miguu, pombe na vyakula vimekwisha andaliwa, yeye anakuja na kidole chake. Kungwi, mama mtu mzima asiyeogopa mtu, akamzuia njiani maana wanaume hawasogei pale. Akamuuliza anataka nini. Nyapara akasema, je, haiwezekani ngoma zipigwe zikiwa zimefunikwa na khanga. Wanawake walicheka hadi wengine wakakaa chini. Kicheko kile kilikuwa na kelele kuliko ngoma zenyewe, na mgeni, tuliambiwa, aliamka, akatoka, akasimama barazani na nguo ya kulalia akisikiliza. Hakulalamika hata kidogo. Aliyelalamika mwezi mzima ni Nyapara.

Sasa niseme na upande mwingine, ingawa sipendi. Mtu yule alikuwa na mkono wa kulaza watoto. Zainabu wangu alipokuwa mchanga alisumbuliwa na tumbo, analia mpaka anapoteza sauti, mimi nalia, na baba yake hawezi kulala. Nyapara alikuja mlangoni. Nikajua kimenifika. Akanyoosha mikono, akamchukua mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, akatembea naye uani kwa zile nyayo zake zisizo na sauti, anamsemesha maneno ambayo sikuyaelewa. Mtoto akanyamaza. Akalala. Baada ya hapo wanawake wa kambi walimpelekea watoto wao wenye kilio, naye hakumkatalia hata mmoja, na hakutaka kitu. Nikikumbuka mtoto wangu amelala mkononi mwa mtu yule, roho inaniuma mpaka leo, kwa sababu kama angekuwa mbaya moja kwa moja ningemchukia bila kuchoka.

Lakini mume wangu hakumlaza. Mume wangu alimwamsha. Ndege ikishuka saa za mchana, mizigo ilihitaji watu, na watu waliokuwa karibu ni wale wa zamu ya usiku waliolala majumbani. Nyapara, yule asiyevumilia kikohozi, alipita mstari mzima akigonga milango kwa ngumi.

"Ndege imeshuka. Amkeni mkachukue mizigo."

Nilisimama mlangoni nikaziba njia. Nikamwambia, "Nyapara, mume wangu ametoka kazini sasa hivi. Anapumzika."

"Mgeni ndiye anayepumzika, mama Zainabu. Mumeo amelala."

"Kuna tofauti gani?"

Akanitazama kwa huruma, nakwambia kwa huruma kabisa, kama unavyomtazama mtu asiyejua kusoma akishika barua juu chini. Akasema, "Mgeni amesafiri. Mtu aliyelala mchana bila kusafiri, huyo ni mvivu."

Siku hiyo nilimtolea uvivu kwelikweli. Nilimwambia Nyapara kwamba mume wangu anasafiri kila usiku juu ya chuma, anarudi mikono inatetemeka hawezi kushika kikombe, na wewe unayekanda watu miguu huwezi kumwita mvivu mlangoni kwake. Majirani walitoka kusikiliza. Nyapara alitazama upande wa madirisha ya wageni, na nikaona kwamba hakusikia hata neno moja, alikuwa anapima sauti yangu tu kama inafika kule. Wakati huo huo baba Zainabu alikuwa ameshaamka. Alipita pembeni yangu taratibu, akavaa shati, akaenda kubeba mizigo.

Mume wangu alikuwa mtu wa namna hiyo. Ukimwita anakuja. Na mimi ningekuwa na mume mkorofi, pengine leo ana miguu miwili.

Sasa nifike kwenye saa. Sote tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, saa moja, saa mbili, na hakuna anayekosea. Wazungu wanahesabu tangu usiku wa manane, kwa hiyo wanapoamka saa zao zimekwisha kuwa nyingi, na adhuhuri ikipita wanaanza upya saa moja. Nyapara aliishi na saa zote mbili. Mwanzoni alizitenganisha vizuri, akiwa ndani ni za kwao, akitoka ni za kwetu. Lakini alivyozidi kukaa na wageni, saa zao zikaanza kumtoka mdomoni kwa Kiswahili. Anakuambia "njoo saa nne" na anataka jioni. Tulishazoea kumuuliza, saa nne ipi, Nyapara? Ya jua au ya ukutani? Alichukia kuulizwa. Aliona tunamfanyia mzaha.

Akaja mgeni mmoja kutoka Australia, fundi mkubwa wa mashine. Nyapara alitueleza kwamba kwao ni chini kabisa ya dunia, usiku wao ni mchana wetu, na amesafiri kwa ndege karibu wiki. Huyo hakukandika, hakuzungushika. Usiku anazunguka chumbani kama fisi, alfajiri ndipo anaanguka. Akawa anaamka adhuhuri. Nyapara alikonda kwa ajili yake. Akaenda akamshauri bwana mkubwa wa mashine kwamba makatapila yasimame asubuhi, mgeni apate usingizi, halafu yaendeshwe mchana atakapokuwa macho ayakague, na waendeshaji wawe wale wa usiku kwa kuwa ndio waliozijua mashine zile. Bwana mkubwa akakubali.

Nyapara akaja mlangoni kwetu jioni, baba Zainabu anajiandaa kwenda kazini.

"Kesho zamu yenu yote mnatakiwa kwenye mashine, saa mbili. Mgeni atazikagua."

"Saa mbili?" mume wangu akauliza.

"Saa mbili kamili. Usinichelewee."

Nilitaka kuuliza ipi. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa amekwisha geuka kwenda mlango wa pili, na mume wangu akasema basi, saa mbili, atatoka kazini atakoga tu aende. Bwana mkubwa alikuwa amesema saa mbili ya Kizungu, maana yake kwetu ni saa nane mchana. Wangekuwa na asubuhi nzima ya kulala. Wao walisikia saa mbili asubuhi.

Alirudi jua linachomoza, akakoga, akala kiporo cha ugali akiwa amesimama, akatoka na wenzake. Walikaa kwenye mashine, juani. Hakuna Mzungu, hakuna mgeni. Kuondoka waliogopa, maana aliyeondoka bila ruhusa alihesabiwa hakuja. Mchana mgeni alifika, amelala vizuri, uso umenawiri. Aliwaendesha mpaka jua linazama. Kisha zamu yao ya usiku ikaanza kama kawaida.

Kabla ya alfajiri baba Zainabu alisinzia juu ya katapila. Mashine ikaenda peke yake ikapanda kisiki, ikamtupa, mnyororo ukampita juu ya mguu. Hospitali waliukata chini ya goti. Wenzake waliniambia alipiga kelele mara moja tu, halafu akaanza kuwaomba radhi.

Alipoweza kukaa, bwana mkubwa alikuja kumhoji, na mkalimani alikuwa nani? Nyapara. Mimi nilikuwapo, nimesimama kwenye kizingiti na Zainabu mgongoni. Mume wangu aliulizwa kama alilala kazini. Akasema nililala, bwana. Akaulizwa kwa nini hakulala mchana. Akasema, "Niliitwa saa mbili." Nyapara akatafsiri. Bwana mkubwa akasema mbona saa mbili ndiyo niliyotaka mimi, kwa hiyo ulikuwa na asubuhi nzima, uliifanyia nini? Nyapara akatafsiri. Mume wangu hakuelewa swali. Alitazama huku na huku. Akarudia, niliitwa saa mbili.

Nyapara alikuwa mtu pekee chumbani mle aliyejua saa zote mbili. Ilikuwa sentensi moja. Nilimtazama nikingoja aiseme. Alikunja midomo, akatazama sakafu, na bwana mkubwa akasema neno ambalo kambi nzima tulilijua hata asiyejua Kiingereza kingine. Lezi, yaani mvivu. Nyapara hakulitafsiri hilo, akatikisa kichwa kidogo kukubali.

Tulirudi kwetu Mbekenyera. Nilidhani neno lile tumeliacha kambini, lakini vijana waliofanya kazi kule walirudi nalo. Hawakuwa na nia mbaya wote, wengine walikuwa wanasimulia tu: yule alilala juu ya mashine, akafukuzwa kwa uvivu. Watoto wakamwita Bwana Lezi. Na mume wangu, hapa ndipo ninaposhindwa kuvumilia, aliwaamini. Aliniambia, "Labda ni kweli, mama Zainabu. Wenzangu hawakulala. Mimi nililala."

Tangu hapo hakulala mchana. Unajua palizi ilivyo, watu wanaamka gizani, jua likifika utosini kila mtu anarudi kivulini, analaza kichwa, hata mbwa. Yeye alikaa juu ya kigoda, wima, mgongo haugusi ukuta, gongo lake limelala mapajani, macho mekundu, ili kila anayepita amwone yuko macho. Akiwa na homa, alikaa. Siku tulizopanda mikorosho, alikaa. Nilimtandikia mkeka, nikambembeleza, nikamgombeza. Ananijibu, "Watapita waseme nini?" Alianza kukonda, mikono ikaanza kutetemeka tena. Niliona namzika polepole. Nikajua maneno yangu mimi mkewe hayatoshi, ni Nyapara peke yake anayeweza kumwambia saa ile haikuwa yake.

Miaka ilipita. Karanga za Wazungu zilishindwa, mashine zikaondoka, msitu ukaanza kuota tena. Nyapara nilimuulizia kila mahali, na mtu mmoja akaniambia amemwona Ruangwa. Ufuta ulipokubali mwaka ule nilibeba mzigo wangu kwenda kuuza mnadani, na kweli nilimkuta, amekaa juu ya gunia mbele ya duka la Mhindi, mlinzi wa mchana. Kitambi kimekwisha. Amevaa kanzu iliyofifia, na miguu imevimba.

Yeye ndiye aliyenitambua. "Mama Zainabu," akasema. "Zainabu hajambo?"

Sikumpa shikamoo. Kwetu hilo ni jambo kubwa, na aliliona. Nikamwambia, "Hajambo. Nimekuja kwa neno moja. Twende Mbekenyera ukamwambie baba Zainabu kwamba ile saa ulikosea wewe."

Akasema, "Mambo yale yamepita, mama. Hata mashine zenyewe zimeondoka."

"Mashine zimeondoka na mguu wake umeondoka. Uvivu umebaki. Hajalala mchana tangu siku ile. Anakufa akiwa macho."

Akasugua magoti yake. Watu walikuwa wanapita na mizigo yao, muuza ndala mmoja anaita wateja. Hatimaye akasema, "Niliteleza ulimi. Nilikuwa nimezoea saa za kule ndani."

Nisiseme uongo, nilipata tumaini. Nikaona njia yote ya kurudi, yeye mbele na mimi nyuma, mpaka kwenye kile kigoda. Nikamwambia, "Basi njoo umwambie hivyo hivyo. Sitaki kingine."

"Nikimwambia hilo, itabidi nimwambie na la pili."

"La pili lipi?"

"Niliwaona wakipita asubuhi ile. Nilikuwa barazani. Mumeo alikuwa mbele, ameshika chupa ya maji. Nikajua hapo hapo kwamba wamesikia saa yao. Walikuwa hawajafika hata barabarani."

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuwaita?"

"Yule mgeni alikuwa hajafumba jicho usiku kucha," akasema. "Ndio kwanza amelala. Na dirisha lake lilikuwa wazi. Ningeita, angeamka."

Alisema hivyo bila aibu, kama fundi anayekueleza kwa nini aliupinda msumari. Kisha akaniuliza, "Unanielewa, mama Zainabu?" Na kwa jinsi alivyonitazama alikuwa na hakika kwamba nitamwelewa.

Matusi nilikuwa nayo. Miaka yote ile niliyapanga, nikipalilia nayapanga, nikichota maji nayapanga. Yote yalinitoka kichwani. Kwetu mwanamke hamtaji mumewe kwa jina. Mimi tangu niolewe sikuwahi kulitamka, hata siku alipokatwa mguu, hata nilipokuwa na hasira naye. Nikageukia upande wa barabara ya Mbekenyera, nikajaza kifua, nikaita.

"Athumani. Athumani, rudi nyumbani ukalale."

Sauti yangu ilipita juu ya mnada wote. Muuza ndala akanyamaza. Mhindi akatoka dukani na futi yake mkononi. Nyapara akainuka kwenye gunia kwa shida, akaniambia polepole, "Mama Zainabu, watu wanatutazama."

Nikamwambia waache watazame. Nikaita tena.